Fundi, Niweke Volti Ngapi?

Swali hili huulizwa mezani kwangu karibu kila juma. Kijana anaingia, anageuka kutazama kama kuna mtu wa mtaani kwao, kisha anatoa mfukoni kalamu nene ya chuma au kijiboksi cha rangi ya zambarau kinachonukia embe. "Fundi, hii niweke volti ngapi?" Koili yake, ule waya unaopata moto ndani, hajui ina ukinzani wa omu ngapi. Betri iliyo ndani hajui inaweza kutoa ampea ngapi. Anataka nambari moja aondoke nayo, kama anavyoondoka na nambari ya matatu.

Mimi sivuti, wala sijawahi kumshauri mtu aanze. Nikotini humfunga mtu mapema kuliko anavyodhani, hata ikija na ladha ya tikitimaji. Lakini tangu Seneti ya Kenya iletewe mswada wa mwaka 2024 wa kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007, gumzo la sigara za kielektroniki limefika hadi barazani kwetu Mombasa. Wanazungumzia ladha, matangazo na umri wa wanunuzi, na wana haki. Betri sijaisikia ikitajwa, na betri ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote. Ndiyo maana siku hizi mawazo yananirudisha nyuma, kwenye meza nilizokalia kabla ya hii.

Redio ya marehemu baba ilikula mawe sita. Kila jiwe volti 1.5, sita yakipangwa mkia kwa kichwa zinakuwa 9. Yakichoka tuliyaanika juu ya bati tangu asubuhi. Joto la jua huchangamsha kemia iliyobaki ndani, na jioni redio ilitoa taarifa ya habari moja, pengine na nusu ya matangazo ya vifo, kisha ikakohoa na kunyamaza. Sisi watoto tuliamini jua limeingia ndani ya jiwe.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja fundi wa redio pale Mwembe Tayari, ambaye mama alinipeleka kwake wakati wa likizo ili nisizurure. Mzee alikuwa na mita nzuri yenye mshale, lakini hakuiamini peke yake. Aliamini balbu ya tochi aliyoilehemu kwenye nyaya mbili fupi. Mteja akileta mawe na kuapa kwamba ni mazima, mzee alipima jiwe moja na mshale ukasimama karibu na 1.5. Mteja akatabasamu. Hapo mzee aligusisha balbu huku mita ikiwa bado imeshikilia: balbu ikawaka wekundu hafifu, na mshale ukaporomoka chini ya 1.

"Hiyo ya kwanza ilikuwa ahadi," alimwambia mteja. "Hii ndiyo malipo."

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na jinsi inavyozeeka ndivyo ukinzani huo unavyokua. Ikiwa imelala, haidaiwi kitu, volti zake huonekana kamili. Ikidaiwa umeme, sehemu ya volti inapotea humo humo ndani na kugeuka joto. Kwa hiyo volti ya betri haina maana kamili mpaka ujue inadaiwa nini. Nilifundishwa hilo kwa balbu ya shilingi chache kabla sijajua neno ukinzani, na sijakutana na mwalimu wa fizikia aliyelieleza vizuri zaidi.

Zikaja simu za vitufe, na meza yangu ya kwanza mwenyewe ikawa chini ya ngazi, katikati ya muuza kaseti na mshona viatu. Betri iliyotawala miaka hiyo ilikuwa BL-5C, bapa, nyepesi, imeandikwa volti 3.7. Kutokana na hiyo 3.7 nilipata ubishi wa kila siku. Mteja alisoma betri, akasoma chaja ya mezani iliyoandikwa 4.2, akanishutumu kwamba nataka kumchomea simu. Nilimweleza kwamba 3.7 ni jina la katikati. Seli ya lithiamu iliyojaa husimama kwenye 4.2, hushuka polepole ikitumika, na ikifika karibu na 3 ni wakati wa kuirudisha kwenye chaja. Sony ilianza kuuza seli za lithiamu mwaka 1991, na ndivyo zilivyo nyingi za leo, pamoja na zile zilizomo kwenye vijiboksi vya ladha ya embe. Asiyejua kwamba 3.7 inaficha safari kutoka 4.2 hadi 3 atashangaa kwa nini kifaa chake asubuhi kinatoa moshi mzito na jioni kinatoa pumzi tu.

Kwa seli hizo, juu ya 4.2 hakuna usalama. Ukilazimisha chaji zaidi ya hapo, lithiamu huanza kuganda kama chuma juu ya upande hasi badala ya kuingia ndani yake, joto linapanda, na likishavuka kiwango fulani linajiendesha lenyewe. Chini sana nako kuna hatari yake: seli iliyoachwa ikafa kabisa, shaba yake huyeyuka ndani, na ukiifufua shaba ile inaweza kujenga daraja la shoti. Mafundi wengi wa enzi hizo walikuwa na mtindo wa kuishtua betri iliyokufa kwa adapta ya volti 9 au 12, sekunde chache tu, mpaka chaja ikubali kuitambua. Jirani yangu mmoja alikuwa bingwa wa kazi hiyo na alipata wateja kuliko mimi. Adhuhuri moja betri iliyokuwa mkononi mwake ilivimba, ikafoka moshi mweupe wenye harufu tamu ya kuchefua, na ngazi nzima ikakimbia. Alibaki na kovu kiganjani na akaendelea na mtindo wake, maana mteja anayetaka simu iwake leo hajali itakuwaje kesho.

Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha bure. Mtaani kwetu watu walileta za kwao kwa furaha. Nyingi zilikuwa bandia, hazimo kwenye orodha yoyote. Hapo nikaanza tabia ya kutazama kwanza nani ameitengeneza betri, ndipo nisome nambari iliyoandikwa juu yake.

Dubai nilikwenda kwa mkataba wa kutengeneza simu, katika duka moja la Deira lililokuwa na meza tano na kiyoyozi kimoja. Mwenye duka alitoka Kerala, na sote tulimwita Ikka, kama watu wa kwao wanavyomwita kaka mkubwa. Yeye aliniita bhai. Katikati ya Aprili 2019 Falme za Kiarabu zikaruhusu sigara za kielektroniki kuuzwa kihalali, kwa masharti ya viwango. Ikka hakuchelewa. Meza moja ya simu ikaondolewa, ikaingia kabati la vioo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na subira ya kupima vitu, nikawekwa nyuma yake.

Mteja wetu wa kawaida alikuwa na kalamu: betri ya mviringo chini, tangi dogo la juisi juu, kitufe kimoja ubavuni. Unabonyeza mara tano inawaka, unabonyeza mara tatu volti zinabadilika na taa ya kitufe nayo inabadilika rangi. Nyingine zilikuwa na gurudumu kitakoni lililotoka 3.3 hadi 4.8. Kile kinachounganisha betri na tangi ni skrubu waiitayo 510, jina lililotokana na nyuzi 10 zenye nafasi ya nusu milimita. Mwanzoni niliisifu sana. Tangi la kampuni hii linaingia kwenye betri ya kampuni ile, kama balbu na holda. Baadaye nikaona kwamba matatizo mengi yaliyoletwa mezani kwangu yalipitia hapo hapo. Skrubu ikikubali, mtu hudhani vitu vimepatana, lakini skrubu haijui omu.

Hesabu yenyewe ni fupi, na nilikuwa nikiiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya risiti. Chukua volti, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa omu za koili. Jibu ni wati, yaani joto linaloangukia juisi na pamba inayoinyonya. Koili ya omu 1.8 kwa volti 3.7 inapata wati 7.6. Koili hiyo hiyo ukiipandisha hadi 4.8 inapata wati 12.8. Volti zimeongezeka kwa chini ya theluthi, joto limeongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Watu hawakuamini. Waliona gurudumu limesogea kidogo tu.

Jamaa mmoja, dereva wa lori la maji, alirudi siku ya pili tu na tangi jipya mkononi, akidai nimemuuzia juisi mbovu. Kila akivuta anapata ladha ya gazeti lililoungua. Nilifungua tangi: pamba nyeusi kwenye koili. Alikuwa ameweka 4.8 kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote, na anavuta pumzi ndefu mfululizo kama alivyozoea sigara za moto. Pamba haikupata nafasi ya kunyonya juisi nyingine kabla koili haijawaka tena. Nikambadilishia koili, nikashusha gurudumu hadi 3.3, nikamwambia apande kidogo kidogo mpaka ladha ianze kuwa kali, kisha arudi nyuma hatua moja. Akasema moshi ni mdogo. Nikamwambia moshi anaoutaka unahitaji koili nyingine, na koili hiyo inahitaji betri nyingine, na betri hiyo si hii. Hakununua. Ikka alinitazama kwa jicho la mfanyabiashara.

Wakati huo huo wateja walikuwa wakirushiana kwenye WhatsApp habari ya zamani kidogo iliyokuwa bado inazunguka. Januari 2015 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine: walipima moshi wa kifaa kimoja kwa volti 3.3 wasione kitu, wakaupima kwa volti 5.0 wakakuta kemikali zinazobeba formaldehaidi, ile inayohifadhia maiti. Mwaka huo huo Konstantinos Farsalinos na wenzake wakajibu kwamba kemikali za jamii hiyo hutoka kwa wingi pamba ikiwa imekauka tu, hali ambayo mvutaji huitambua kwa ladha na kuacha mwenyewe. Wakabishana kwa muda.

Mimi si mkemia, lakini nilikuwa na dereva wa lori la maji. Aliitambua ladha ile, ndiyo, akaja kulalamika. Lakini alikuwa ameivuta siku nzima kabla ya kuja. Kwa hiyo sikumpa Farsalinos ushindi wote. Wala sikukubaliana na wateja, ambao kutoka kwenye habari nzima walibaki na nambari 5 peke yake. Mmoja alinishikia simu usoni akitaka nimhakikishie kwamba kifaa chake hakifiki 5. Hakikufika, kiliishia 4.2. Lakini koili yake ilikuwa ya nusu omu, na 4.2 juu ya nusu omu ni wati 35. Volti 5 juu ya koili ya omu 2.5 ni wati 10 tu. Nani hapo yuko kwenye moto? Ubishi wa kitaalamu ulishuka mtaani ukiwa umeacha omu njiani.

Kuna jambo nililolisoma huko ambalo bado linanifurahisha. Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni sigara ya kielektroniki ya kisasa mwaka 2003 baada ya kutaabika na uvutaji wake, na ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu, hakuanza na koili ya moto. Kifaa chake cha mwanzo kilitumia mtetemo wa mawimbi ya sauti kuigeuza juisi kuwa ukungu. Waya wa moto ulitawala baadaye kwa sababu ni rahisi kutengeneza, na shida zetu za volti na pamba iliyoungua zikaja pamoja nao.

Kisha walikuja vijana wa mirija. Hawa hawakutaka kitufe chenye taa. Walikuwa na bomba la shaba nyekundu lisilo na chipu wala saketi yoyote: betri moja ndani, swichi kitakoni, koili juu. Kwenye kalamu ya kawaida chipu hupima koili kabla ya kupitisha umeme, na ikiona omu ndogo mno au shoti, inakataa. Bomba halikatai kitu. Volti zake ni zile zilizomo kwenye betri wakati huo, na ampea zake ni zile ambazo koili itadai.

Betri za mabomba hayo huitwa 18650, kwa kuwa kipenyo ni milimita 18 na urefu 65. Ndizo zile zile zilizomo kwenye kompyuta za mkononi za zamani na kwenye tochi za walinzi. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizopakwa mafuta vizuri aliniletea ya kwake akitaka nimsifie: imeandikwa mAh 9800. Koili alikuwa ameizungusha mwenyewe, omu 0.15. Nikapiga hesabu mbele yake. 4.2 kugawanya kwa 0.15 ni ampea 28. Betri nzuri za aina ile zinazotengenezwa kwa kazi nzito nyingi huhimili ampea 15 hadi 20 mfululizo, na ujazo wake huwa kati ya mAh 2000 na 3000 na kidogo. Zenye ujazo mkubwa, 3500 hivi, kwa kawaida hazitoi umeme kwa kasi. Mwanariadha wa marathoni humpeleki kwenye mita 100 ukategemea medali. Na mAh 9800 kwenye umbo lile haijawahi kuwepo.

Kijana akasema ameshaitumia mwezi mzima. Ikka, aliyekuwa amekaa kimya akihesabu dirhamu, akainuka, akaichukua betri na kuiweka kwenye mizani ndogo aliyoitumia kupimia vito vya mkewe. Seli ya 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Ile ilikuwa imepungua sana. Alimrudishia bila kusema neno, na kijana akanunua mbili za kampuni inayojulikana pamoja na koili ya omu kubwa zaidi. Ni mauzo pekee ninayoyakumbuka yaliyofanywa na mizani.

Rafiki yake alitaka lile bomba refu linalopokea betri mbili, moja juu ya nyingine. Zikiwa zimejaa, hizo ni volti 8.4. Koili ya nusu omu iliyokuwa ikipata wati 35 sasa inapata 141, maana ukizidisha volti mara mbili joto linazidi mara nne. Na betri mbili zilizopangwa mkia kwa kichwa, moja ikichoka kabla ya mwenzake, inaendelea kuburutwa na ile yenye nguvu mpaka chini ya kiwango chake, kama mawe ya redio tuliyoyachanganya mapya na makuukuu. Tofauti ni kwamba jiwe la redio hutokwa na maji machafu tu. Kifaa kisicho na chipu, betri ikifoka na gesi ikakosa pa kutokea, hugeuka kombora: Florida mwaka 2018 na Texas mwaka 2019 watu wawili walikufa kwa vipande vya vifaa vilivyolipuka usoni mwao. Bomba la betri mbili niliomba tuliondoe kabatini. Ikka alibishana wiki nzima, kisha akaliondoa, akasema ni kwa ajili ya nafasi.

Safari ya kurudi nyumbani ilinipa somo dogo. Kwenye foleni ya ukaguzi wa uwanja wa ndege nilikuwa nyuma ya Mswahili mwenzangu wa Lamu, tumefahamiana hapo hapo. Alimwaga mfuko wake kwenye trei: funguo, sarafu, na betri mbili za 18650 zisizo na kasha, zikigongana. Ofisa alizishika kwa ncha za vidole. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilikataza tangu 2015 sigara hizi kuwekwa kwenye mizigo ya chini ya ndege, na betri za akiba lazima zikae na abiria, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake. Mwenzangu alidhani tatizo ni tumbaku. "Ami, mimi nimeacha sigara, hizi ni za mvuke tu," alinigeukia akitaka nimtetee. Funguo ikiunganisha ncha mbili za seli nzuri, hakuna koili ya kuuzuia umeme. Zaidi ya ampea 100 zinaweza kupita kwa kitambo, na kitambo kinatosha kuunguza paja. Ofisa akampa vifuko viwili vya plastiki. Nilipenda alivyofanya bila mahubiri.

Nyumbani nilikuta mambo yamegeuka. Gurudumu la volti limeanza kutoweka. Wavutaji wengi wapya wana vijiboksi vya kutupa au vikopo vidogo vya juisi vya kuchomeka, ambavyo mtengenezaji ameshachagua koili, ameshachagua volti, na mnunuzi amebakiwa na ladha. Kwa upande mmoja nimefurahi: sioni tena pamba nyeusi kila siku, na chipu hizo hupima zenyewe. Vifaa vikubwa navyo sasa vinauliza wati badala ya volti. Unakiambia kifaa nataka wati 12, kinapima koili ya omu 1.2, kinajitafutia volti 3.8. Huo ndio ulikuwa ufumbuzi tangu mwanzo, na mtu akiniuliza anunue kipi, hicho ndicho ninachomwonyesha. Lakini kizazi kilichokuja na vijiboksi hakijui kabisa kwamba kuna uamuzi uliofanywa kwa niaba yake, na siku kijiboksi kinapoisha juisi, kijana anaibuka na kalamu ya kuazima na kuuliza volti kana kwamba ni saizi ya kiatu.

Ndani ya kijiboksi cha kutupa kuna seli ya lithiamu nzima kabisa. Juisi huisha, seli inabaki na mamia ya mizunguko ya chaji ambayo haitatumika. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vijiboksi hivyo kuanzia Juni 1, 2025, sababu moja ikiwa takataka hizo. Huku kwetu taka ikifika chini huokotwa. Mwanafunzi wangu wa karakana, kijana mwepesi wa mikono, alianza kuzikusanya seli hizo na kuwauzia wavuvi wa usiku tochi za kichwani alizoziunda mwenyewe. Alizichaji kwa bodi ndogo ya TP4056, ile ya bei ya chai mbili ambayo kila fundi anayo droo nzima. Bodi hiyo husimama kwenye 4.2 sawasawa, kwa hiyo kijana alijiona amemaliza. Volti ziko sawa, mjomba, aliniambia.

Zilikuwa sawa. Lakini bodi hiyo hutoka kiwandani ikiwa imewekwa kusukuma ampea 1, na seli alizookota zilikuwa za mAh 500 hivi. Mkondo wa mara mbili ya ujazo ni mwingi kwa seli ndogo ambayo hujui historia yake. Nilitoa bodi moja kwenye waya, nikamwonyesha rizista yenye kuamua mkondo, ya kiloomu 1.2. Ukiweka ya kiloomu 2 unapata kama mA 580. Ya kiloomu 5, kama mA 250. Akatoa ya 1.2, akalehemu ya 5, akagusa seli baada ya nusu saa kwa kidole cha shahada. Ilikuwa baridi. Tochi zake sasa huchukua zaidi ya saa mbili kujaa, na wavuvi wanamnung'unikia.

Tulipokaa kuzipanga seli alizobaki nazo kwenye ndoo, kazi ilikwama. Baadhi zilikuwa na jina la mtengenezaji na ujazo, nyingi zilikuwa na ngozi tupu ya plastiki ya buluu. Hakuna njia ya kujua mkondo wake wa juu ila kukisia kwa ukubwa, na kukisia betri ni kazi ya yule jirani yangu wa chini ya ngazi. Kama maseneta wanapokea maoni ya mafundi, haya yangu yanaingia kwenye ukurasa mmoja: kila kifaa kinachouzwa kiwe na omu za koili na wati zake zimeandikwa juu ya kasha kwa herufi za kusomeka, kila betri iwe na jina la aliyeitengeneza na ampea inazohimili, betri inayouzwa peke yake iuzwe ndani ya kasha lake la plastiki, na anayeuza vijiboksi vya kutupa alazimike kuvipokea vikirudi. Ladha waendelee kuzijadili wao.